Mapovu ya Chupa, Wodi ya Wanaume

Siku mliyoniaga mlinitaka niseme maneno machache. Nilisema wali unapoa, nikakaa. Sasa niko nyumbani, mguu wa kushoto hautaki tena kupanda mlima, na mjukuu wangu kaniachia daftari lenye kurasa nyingi tupu. Basi nitayaandika hayo maneno, nanyi wahudumu mliobaki wodini mtasoma mkipenda. Mwandiko ni mbaya. Nilisoma madarasa mawili kwa wamisionari, la tatu nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Kusoma sawasawa nilijifunzia kwenye chupa za dawa, maana pale ukikosea unaua mtu.

Vyeo na mshahara sitaviandika. Cheo sikuwahi kupata, na mshahara mnaujua, ni huo huo wenu.

Niliajiriwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mjane mwenye mtoto mmoja, Elia, natoka kijiji cha juu karibu na msitu wa Magamba. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kuazima. Sista Damari, mkuu wa wodi ya wanaume, alivitazama akasema, "Vua. Hapa utaharibu viatu vya watu." Akanipa ndoo, tambara, na ile dawa ya sakafu inayonuka mpaka kwenye nywele. Nilipiga deki wodi nzima. Nilipomaliza, Sista akavua kiatu, akatembea kwa soksi yake nyeupe kutoka mlangoni hadi dirishani, akanyanyua mguu, akanionyesha wayo.

"Rudia."

Alikuwa Msambaa kama mimi, Mlutheri kama mimi, na kwa miaka mitatu ya kwanza hakunipenda hata kidogo. Sikumlaumu. Mimi pia sikumpenda. Lakini kila ninachokijua cha kazi kilitoka kwake. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mtu asiyejiweza: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, umvute kuja kwako, usimsukume kwenda mbali nawe, kwa sababu mtu anayesukumwa anaogopa hata kama hana fahamu. Kila baada ya saa mbili. Kidonda cha kulala kikishatoka mgongoni, alisema, hicho si cha mgonjwa, ni cha mhudumu. Katika miaka yangu yote nilipata vinne, na wenye vidonda hivyo nawakumbuka kwa majina.

Siku moja jiko la mafuta ya taa lilichemsha sindano mpaka maji yakakauka na sufuria ikaungua. Aliyewasha alidhani mwenzake atazima, mwenzake akadhani aliyewasha atazima. Sista Damari akatusimamisha mstari.

"Kuanzia leo," akasema, "mkono uliofungua ndio utakaofunga. Dirisha, bomba, jiko, chupa ya dripu, kila kitu. Ukitaka kwenda kula, unafunga, halafu unakwenda kula. Sitaki kusikia jina la mtu mwingine."

Tulimcheka nyuma ya stoo. Lakini sheria ile ilikaa wodini kwetu, na mimi ikaniingia mwilini. Mpaka leo nyumbani kwangu sifungi bomba alilolifungua mtu mwingine. Mkwe wangu anaona ni wazimu.

Uhuru ulikuja, tukapandisha bendera mbele ya stoo. Miaka michache baadaye tukaambiwa hakuna tena bwana, wote ni ndugu. Daktari akawa Ndugu Daktari, mimi nikawa Ndugu Mhudumu. Choo cha kitandani kiliendelea kubebwa na ndugu mmoja tu.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, niwaambie habari ya machela, kwa sababu baadhi yenu mnatoka mbali na mnawadharau watu wakija nayo. Zamani, na hata sasa vijijini, ndugu wakiona hospitali imeshindwa, walikuja na machela kumchukua mtu wao akafie kwake. Tuliwaona wajinga. Hawakuwa wajinga. Mgonjwa akibebwa, njia nzima anasalimiwa. Watu wanaacha jembe, wanasogea barabarani, wanasema "Onga mshi," salamu yetu ya Kisambaa, na wabebaji wanaitikia kwa niaba yake. Kila kijiji kinatoa vijana wa kupokea mti wa machela mpaka kijiji kinachofuata. Akikata roho njiani, mambo yanabadilika hapo hapo. Wanamshusha, wanamfunika uso, na kutoka hapo hakuna salamu. Watu wanatoka barabarani, wanageuza macho, na waliombeba ndio hao hao mpaka mwisho. Kwa hiyo kufika nyumbani ukiwa hai si jambo dogo kwetu. Ni tofauti ya kurudi kama mtu na kurudi kama mzigo.

Sasa mtungi.

Mtungi wa kwanza wa oksijeni ulipanda kwa lori kutoka Mombo, umelazwa juu ya magunia. Wagonjwa wawili walihama wodi wenyewe kwa miguu wakidhani ni bomu, na mmoja wao alikuwa amelazwa kwa sababu hawezi kutembea. Nyinyi mnaujua: mweusi, shingo nyeupe, una saa yake ya kuonyesha kilichobaki, na pembeni ile chupa ya maji. Hewa inapita kwenye maji kwanza ili isikaushe pua, ndipo iingie kwenye mpira wa mgonjwa. Ndiyo maana maji yanachemka.

Mama wa mgonjwa wa kwanza kuwekewa alilia sana, akitaka mpira ule utolewe puani mwa mwanawe. Sista alikuwa na kazi, nesi alikuwa na kazi, nikabaki mimi. Nikamwonyesha chupa. "Mama, unaona yale mapovu? Ile ndiyo pumzi yake. Yakichemka, mwanao anapumua. Wewe tazama chupa." Akanyamaza. Akatazama chupa. Kijana yule alipona, mama akaniletea mafiga matatu ya mawe ya mtoni, mazuri, ninayo mpaka leo.

Nikaona nimepata dawa. Kwa miaka mingi kila aliyelia nilimwambia hivyo hivyo, na kila mmoja alinyamaza. Sista Damari alinisikia mara moja, akaniambia, "Raheli, unasema uongo." Nikamjibu, "Nasema kitu kinachofanya kazi." Alistaafu bila kunijibu.

Sasa nifike kwa Athumani.

Athumani alikuwa mpasua mbao huko Magamba, mtu mnene wa mabega, nyumbani kwao Vuga. Gogo lilibiringika likampiga kichwani. Wenzake walimleta saa nne asubuhi. Daktari Mkubwa alikuwa semina. Miaka ile daima kulikuwa na mtu semina. Alikuwepo kijana wa Bukoba, amefika kwetu hana hata miezi sita, tulimwita Daktari Mdogo ingawa alikuwa mrefu kuliko mlango. Alimpima, akasema, "Oksijeni, upesi." Nesi akashika spana, koki ikakataa, mikono yake ilikuwa inateleza. Nikamnyang'anya spana. Mhudumu haruhusiwi kugusa mtungi, mnajua. Nilifungua.

Mkewe, Mama Zaina, alifika mchana na kitambaa chenye unga wa mhogo bado mkononi. Hakulia kwa sauti. Alishika ukingo wa kitanda, asiachie. Nikamwambia maneno yangu. Akakaa kwenye benchi, akaitazama chupa.

Alikaa siku tisa.

Siku hizo tisa nilimgeuza Athumani kila saa mbili, mtungi ukiisha niliubadilisha na kuufungua mwenyewe, na nesi alimlisha maziwa kwa mpira. Daktari Mdogo alikuja asubuhi, mchana na jioni. Alimfinya, akammulika machoni kwa tochi, akamwita jina sikioni. Siku ya pili aliita kwa nguvu. Siku ya saba aliita kama mtu anayetimiza wajibu. Mwenye kumgeuza mtu anajua mambo ambayo tochi haionyeshi. Mtu aliyelala ana uzito wake, anakusaidia kidogo hata bila kujua. Athumani hakusaidia hata siku ya kwanza. Sikumwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza.

Siku ya tisa akaja kaka yake, Mzee Shabani, kutoka Vuga, na vijana wanane na machela. Alivua kofia ya jua mlangoni akabaki na ile nyeupe ya Kiislamu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamtazama mdogo wake muda mrefu. Kisha akamwomba daktari maneno, nao wakasimama pale pale miguuni pa kitanda, kwa kuwa ofisi ilikuwa imejaa mablanketi ya msaada.

"Daktari, ndugu yangu ataamka?"

"Hapana, mzee."

"Unasema hapana kwa sababu mitungi imekwisha? Tumesikia petroli hakuna."

"Mitungi ipo. Si suala la mitungi."

"Lori likileta kumi?"

"Hata likileta kumi. Ubongo umeumia sana. Nilimwekea hewa nikitumaini. Sasa sitibu kitu, nachelewesha tu."

"Basi mtoe hiyo mipira tumpeleke kwake akiwa hai."

"Gari letu halina tairi la nyuma, lakini kesho pengine..."

"Gari halisalimiwi," alisema Mzee Shabani. "Tutambeba."

Ndipo Mama Zaina akasimama. Siku tisa sikuwa nimeisikia sauti yake ikipanda.

"Hamtoi kitu hapa! Shemeji, umekuja na machela kama mtu anayekuja kuchukua kabati! Mume wangu anapumua. Tazama ile chupa. Inachemka! Mama Elia aliniambia, ile ndiyo pumzi yake. Mkifunga ile, nani amemwua? Gogo halikumwua. Nani? Wewe? Huyu mtoto wa Bukoba?"

Wote wakanigeukia. Vijana wanane pia, mlangoni.

Daktari Mdogo akanivuta pembeni, kwenye sinki. "Mama Elia, ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini, mama yangu?"

"Ananyamaza."

Akafuta uso kwa mkono. "Mimi sitafunga bila yeye kukubali. Kwa sheria labda naweza. Shuleni walitufundisha namna ya kufungua tu, mama. Ya kufunga hawakutufundisha. Lakini nikifunga akiamini anavyoamini sasa, ataishi maisha yake yote akijua kwamba tulimwua mumewe mbele yake, na shemeji yake alisimama akitazama. Hawatazungumza tena ukoo mzima."

"Najua."

"Basi?"

Nilimwona ni kijana, ameogopa, na ananiuliza mimi niliyefika darasa la pili. Nilikasirika, lakini si na yeye.

Nilikwenda stoo nikabingirisha mtungi mwingine. Nikausimamisha kando ya kitanda kilichokuwa tupu, cha jirani. Nikauwekea chupa yake, nikaijaza maji, nikatia mpira. Mpira nikaulaza juu ya mto, mto mtupu. Nikachukua spana nikafungua.

"Mama Zaina, njoo."

Akaja. Maji yakachemka. Mapovu yale yale.

"Nani anapumua hapa?" nikamwuliza.

Akaupapasa mto kwa kiganja.

"Hapa pana mto, na foronya niliyoifua mwenyewe. Hakuna mtu. Chupa inachemka kwa sababu mtungi umefunguliwa, basi. Nikimwekea jiwe itachemka. Nilikudanganya. Nimewadanganya wengi, ila wengine watu wao waliamka kwa hiyo haikuonekana."

Mzee Shabani alisema kwa sauti ya chini, "Mwanamke huyu ana moyo wa chuma." Hakuwa ananisifu.

Nikafunga mtungi ule. Mapovu yakapungua, moja, moja, yakaisha. Mama Zaina aliangalia maji yaliyotulia.

"Kwa hiyo siku tisa," akasema, "nimekaa natazama mtungi."

"Ndiyo."

"Na yeye sikumtazama."

Nimeosha maiti nyingi katika kazi yangu, na nimetukanwa na watu wengi wenye haki ya kunitukana. Hakuna neno lililowahi kunikalia kama hilo, naye hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha nguo zikiwa kambani.

Akarudi kwenye benchi lake, akaligeuza. Kabla ya hapo lilielekea mtungi. Akaligeuza likaelekea uso wa mumewe. "Shemeji," akasema, "lala mjini leo. Nipe mpaka kesho asubuhi."

"Mama Zaina, njia ni ndefu, vijana..."

"Mdogo wako umemwona miaka arobaini. Mimi nina leo."

Mzee Shabani akavaa kofia yake akaenda na vijana wake.

Mama Zaina alikaa na mumewe mchana kutwa. Aliomba maji ya moto, akamnyoa ndevu. Alimkata kucha, zilikuwa na utomvu wa miti ambao sabuni yangu haikuutoa. Alimwambia mambo ya nyumbani, ya mbuzi, ya jirani aliyehamisha mpaka wa shamba. Mara moja alicheka. Nilipokuja kumgeuza alisema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Mkono begani, mkono nyongani, mvute kuja kwako. Jioni akaweka kiganja kifuani pake. "Anapumua mwenyewe," akasema. "Kidogo. Kama anapanda mlima." Nikamwambia ndiyo, hiyo ni yake, si ya mtungi, na hatujui itadumu muda gani. Hapo nilisema kweli.

Asubuhi wote walikuwepo. Daktari Mdogo alikuwa ameandika kwenye faili, karatasi nzima, nami nilimwona akiisoma tena kabla ya kutia sahihi. Mzee Shabani akauliza swali ambalo nadhani alilala nalo.

"Daktari, ukifunga, unamwua?"

Daktari akafunga faili. "Mzee, nimejiuliza hilo. Naona gogo lilimwua siku ile, nami nilishika mlango usifungwe, nikidhani atarudi. Harudi. Sasa nauachia mlango. Lakini sikudanganyi, mkono wangu ni mzito."

"Ungekuwa mwepesi nisingekuachia ndugu yangu," Mzee Shabani akasema.

Daktari akanyoosha mkono kuchukua spana. Sikumpa.

"Mtungi huu niliufungua mimi."

"Mama Elia, mhudumu haruhusiwi."

"Na kufungua nilikuwa naruhusiwa?"

Akamtazama Mama Zaina. Mama Zaina akasema, "Afunge yeye. Ndiye aliyenionyesha."

"Basi uamuzi ni wangu, umo kwenye faili," alisema daktari. "Mkono ni wa Mama Elia."

Nilifunga. Kazi yenyewe ni mizunguko miwili na nusu kwenda kulia, hakuna zaidi ya hapo. Mapovu yakaisha. Hakuna aliyetazama chupa. Sote tulitazama kifua, kikashuka, kikakaa, kikapanda.

Nilitoa mpira wa puani, nikampaka mafuta pale ulipomchubua. Vijana wakamlaza kwenye machela, nikamwekea mto mmoja wa hospitali ambao mpaka leo unaonekana umepotea kwenye orodha. Niliwasindikiza mpaka kwenye kona ya chini. Mama wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa na mzigo wa kuni, akautua, akasema "Onga mshi," na mbebaji wa mbele akaitikia kwa niaba ya Athumani. Nikarudi. Sakafu ilikuwa inanisubiri.

Baada ya arobaini Mama Zaina alipita hospitali, akielekea Magamba kuchukua misumeno ya mumewe. Tulikaa ngazini, nyuma ya jiko. Nikamwuliza, "Alifika?"

Akakunja pindo la khanga.

"Alikata roho pale Soni, tunavuka daraja," akasema. "Nilimwona. Nilikuwa pembeni yake, nilikuwa namtazama. Kifua kilishuka, hakikupanda tena."

"Wakamshusha?"

"Hawakujua. Sikusema. Walipokuwa wanapokezana mti nilimwekea tu khanga vizuri. Akasalimiwa mpaka Vuga, Mama Elia. Watoto, wazee, wote. Mbele ya mlango wake ndipo nikamwambia shemeji: sasa."

Ningemwambia nini, mimi? Nilimletea chai, akanywa, akaenda zake Magamba.

Toka siku ile sikumwambia tena ndugu yeyote habari za chupa. Nilimwambia: mpira huu unamsaidia, wewe mtazame usoni. Wengi walilia zaidi kuliko zamani, na kelele wodini ziliongezeka. Niliziacha.

Spana ya mtungi iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Iliyoko kabatini ni mbovu, inateleza. Na wewe utakayefungua, usiende kula kabla hujafunga.